Maketi nzuri haitoshi: mwenye kulala ndani ya nyumba aiguse kwanza

GOMA, KIVU KASKAZINI. – Maketi yake ya kwanza ilikuwa nzuri kuliko zote darasani. Kuta zilipakwa rangi nyeupe, paa lilikuwa jekundu, majani ya bustani yalitengenezwa kwa unga wa mbao uliotiwa rangi ya kijani, na mbele ya mlango paliwekwa gari dogo la kuchezea. Mwanafunzi huyo yuko mwaka wa pili wa usanifu wa majengo hapa Goma. Kazi waliyopewa ilikuwa fupi kwa maneno: kubuni nyumba ya mbao ya familia inayorudi kijijini baada ya vita, kisha kutengeneza mfano wake mdogo kwa kartoni. Alikesha usiku mara nne. Wenzake walipiga picha. Jioni alirudi nyumbani kwa motari, maketi ameikumbatia kifuani kama mtoto mchanga, akaiweka juu ya meza.

Katika parseli ya wazazi wake kuna chumba cha nyuma ambamo familia moja iliyokimbia vita upande wa Masisi imepokelewa: mama, watoto wake watano, na koko, yaani mama wa bwana yake. Jioni ile mama huyo aliingia kuazima kiberiti. Akaona kile kinyumba juu ya meza, akasimama, akakiangalia kwa muda mrefu. Kisha akauliza:

"Mutoto wangu, hii nyumba iko muzuri sana. Lakini moto nitawasha wapi?"

Binti hakuwa na jibu. Ndani ya maketi hapakuwa na mahali pa jiko. Hata kama pangekuwa, hakuna ambaye angepaona, kwa sababu paa lilikuwa limegandishwa kwa kole na halifunguki.

Swali hilo la mama ndilo mzizi wa maoni haya. Watu wengi hudhani maketi ni pambo la kuonyesha kazi iliyokwisha. Ukweli ni kinyume. Maketi ni mahali pa kukosea kwa bei rahisi, kabla ya kwenda kukosea kwa bei ya mbao, misumari na manjanja ya watu maskini. Mwanafunzi anayetaka kuboresha maketi zake asianze na rangi. Aanze na mtu atakayelala ndani. Na wote wanaojengea familia zilizohama, wawe mainjenia, mashirika au wakubwa wa vijiji, wanapaswa kufanya vilevile.

Kwa nini jambo hili linawahusu wakaaji

Goma ni mji unaojua kujenga upya. Januari 2002 Nyiragongo ililipuka, na lava ikapita katikati ya mji, ikafunika mitaa mizima na makumi ya maelfu ya watu wakabaki bila nyumba. Tarehe 22 Mei 2021 ililipuka tena, na lava ikafika Buhene, mlangoni mwa mji. Kila mara watu walirudi wakasawazisha mawe, wakasimamisha nguzo, wakapigilia mbao. Nyumba ya mbao imekubalika hapa kwa sababu nzuri: inajengwa haraka juu ya mawe magumu ambayo hayachimbiki kwa urahisi, na ikibidi inabomolewa na kuhamishwa.

Halafu kuna vita. Kwa miaka mingi familia kutoka Masisi, Rutshuru na Nyiragongo zimelala chini ya mashitingi kandokando ya mji, Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala na kwingineko. Mwanzoni mwa mwaka 2025 vita vilifika ndani ya Goma kwenyewe, na kambi nyingi zikavunjwa. Kuna waliorudi vijijini na kukuta nyumba haipo. Kuna waliobaki kwa wenyeji, kama mama yule wa chumba cha nyuma. Wote hao siku moja watajenga, au watajengewa. Na karibu wote watakuwa na vifaa vya kuhesabu kwa vidole. Mwenye vifaa vya kuhesabu hana nafasi ya kubomoa na kuanza tena.

Ndiyo sababu kazi ya mwanafunzi mwenye kisu na kartoni si mchezo wa shule. Ni jambo la watu ambao hawana bahati ya kukosea mara mbili.

Makosa yaliyofichwa na rangi

Usiku ule ule binti alipasua paa la maketi yake. Alikata watu saba kwa karatasi. Maketi ilikuwa kwa kipimo cha 1 kwa 50, maana yake sentimita 2 za kartoni ni mita 1 ya nyumba ya kweli. Kwa hiyo mtu mzima wa mita 1,60 alikuwa na urefu wa milimita 32, si zaidi ya njiti ndogo. Akawalaza wote saba ndani ya chumba cha kulala, mita 2 kwa 4. Walienea, lakini bega kwa bega, na mlango ukakosa mahali pa kufungukia. Sebule iliyokuwa kubwa na yenye meza nzuri ilikuwa imekula nafasi ya watu.

Hapo ndipo alipopiga hesabu ambayo angepaswa kuipiga siku ya kwanza. Nyumba nzima ilikuwa mita 4 kwa 5, yaani mita 20 za mraba. Ukigawa kwa watu saba, kila mmoja anapata chini ya mita 3. Mwongozo wa Sphere, unaofuatwa na mashirika ya misaada duniani, unasema mtu mmoja apate angalau mita 3,5 za mraba za kuishi, bila kuhesabu mahali pa kupikia. Watu saba wanahitaji mita 24,5. Maketi iliyosifiwa haikutosha. Ilionekana kubwa kwa sababu ilikuwa tupu.

Kosa la pili lilikuwa dogo zaidi kwa macho. Alikuwa amekata kuta kwa kufuata vipimo vya nje vya mchoro, na kartoni yake ilikuwa na unene wa milimita 4. Kwa kipimo cha 1 kwa 50, milimita 4 ni sentimita 20. Kuta mbili zikitazamana zinakula sentimita 40. Chumba alichokiita cha mita 4 kilikuwa kimebaki na mita 3,60. Alikuwa ametengeneza kuta nene kama za mawe kwa nyumba ya mbao, wala hakujua. Hakuna rangi nyeupe inayoweza kurudisha sentimita hizo 40.

Kosa la tatu: nyumba ilisimama juu ya kibao laini, kimesawazishwa kama meza. Kijiji cha yule mama kiko kwenye mteremko. Wapi duniani mteremko wa Masisi umewahi kuwa meza?

Na kosa la nne ndilo baba wa yote. Siku nne za kukesha, tatu zilikwenda kwenye majani ya kijani, rangi na gari. Familia ile haina gari. Inayo mtungi, bidoni tatu za njano, godoro moja, mikeka na kuku wawili.

Namna alivyobadilisha kazi

Kinachofurahisha ni kwamba binti hakukasirika wala hakuficha maketi chini ya kitanda. Alianza upya, na alianza kwa kuuliza. Alimwomba mama aeleze siku yake, tangu kuamka hadi kulala: nani analala wapi, koko anaamka mara ngapi usiku, kuni zinakauka wapi, nani anakaa karibu na mlango giza likiingia. Mambo hayo hayaandikwi katika mchoro, lakini ndiyo nyumba yenyewe.

Kisha akabadilisha kipimo. Kutoka 1 kwa 50 akahamia 1 kwa 20. Sasa sentimita 5 ni mita 1. Nyumba ya mita 4 kwa 5 inakuwa sentimita 20 kwa 25, kinyumba ambacho mkono wa mama unaweza kuingia ndani yake. Mtu mzima anakuwa na sentimita 8. Mlango wa mita 2 kwa sentimita 80 unakuwa sentimita 10 kwa 4. Na ile kartoni ya milimita 4 sasa inasimamia sentimita 8, ambazo zinakaribia unene wa kweli wa mbao pamoja na nguzo zake. Kipimo kikubwa hakifichi uongo.

Badala ya maketi moja ya siku nne, alitengeneza tano, kila moja kwa saa moja au mbili, kwa kartoni zilizotupwa na wenye maduka. Hazikupakwa rangi. Kuta zilishikwa kwa pini na vipande vya skochi ili ziweze kung'olewa. Paa liliwekwa tu juu, kama mfuniko wa sufuria. Kole ilisubiri hadi mwisho. Fundi wa nguo anafanya hivyohivyo: anashona kwanza kwa uzi mrefu unaofumuka, mteja anavaa, ndipo mashine inapita.

Kuhusu mkono wenyewe, alijifunza mambo ambayo kila kijana anayeanza atafaidika nayo. Wembe mpya unakata vizuri. Wembe uliochoka unararua kartoni na kumkata mwenyewe kidole, kwa kuwa anasukuma kwa nguvu. Kartoni haikatwi kwa mpigo mmoja. Mkono unapita mara tatu au nne, taratibu, kando ya rula ya chuma, kwa sababu ile ya plastiki huliwa na wembe. Madirisha yanakatwa wakati ukuta bado umelala juu ya meza. Pembeni, ukuta mmoja unapunguzwa kwa unene wa mwenzake, la sivyo nyumba inavimba. Kole inapakwa kidogo kwa ncha ya kijiti. Ikizidi, karatasi inalowa na kupinda. Na mistari ya kartoni, ile mifereji ya ndani, isimame wima katika kuta: ndivyo inavyobeba.

Hayo ni ya mkono, na mkono hujifunza kwa kurudia. Kilichobadilisha kazi hasa ni majaribio.

Maji, jua na manjanja

Jaribio la kwanza lilikuwa la mvua. Alifunika paa la kartoni kwa mfuko wa plastiki, akaweka maketi juu ya ubao ulioinamishwa kama mteremko wa kijiji, akatoboa kifuniko cha chupa kwa msumari na kumwaga maji juu. Watoto wa parseli wote walikuja kutazama. Maji ya paa yaliangukia mbele ya mlango hasa, na yale yaliyotoka juu ya mteremko yalipiga ukuta wa nyuma, mahali palipokuwa godoro la koko. Jaribio lilichukua dakika tatu. Katika nyumba ya kweli ingekuwa miaka ya matope na kifua cha baridi kwa mzee.

Akageuza nyumba. Mlango ukahamia upande wa ubavu, na nyuma ya nyumba akachimba katika ubao mfereji wa kupitisha maji. Kisha akaona neno lingine: maji yale yale ni mali. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa lenye upana wa mita 4,80 na urefu wa mita 5,80, ukilipima kama kivuli chake chini, lina karibu mita 28 za mraba. Mvua ya milimita 10 ikikusanywa yote inaleta karibu lita 280, yaani bidoni 14 za lita 20. Kila mwanamke na kila msichana wa Goma anajua bidoni 14 ni safari ngapi na ni pesa ngapi. Hata kama moshi wa volkano unayaharibu maji hayo yasifae kunywewa, kuna kufua na kuosha. Ukingo wa paa ukapata mfereji.

Jaribio la pili lilikuwa la jua. Alitoa maketi uani saa nne asubuhi, akaielekeza jinsi nyumba itakavyosimama, akachungulia kwa dirisha. Chumba kilikuwa giza. Akahamisha dirisha upande wa mashariki na kulipandisha, ili mwanga uingie na mpita njia asione ndani. Mama ndiye aliyesisitiza neno la kupandisha. Mwanamke aliyelala kambini nyuma ya plastiki anajua thamani ya ukuta usiochunguliwa.

Jaribio la tatu ndilo zito. Mama huyo, kidogo kidogo, ameshanunua manjanja 14 na kuyaweka kwa ndugu yake. Binti alikata karatasi 14 kwa kipimo cha yale manjanja. Kila moja, ukiondoa sehemu inayolaliana na mwenzake, inafunika sentimita 75, ambazo kwenye maketi ni kama sentimita 3,75. Wakaezeka pamoja, mama na mwanafunzi, huku watoto wanahesabu kwa sauti. Saba upande huu, saba upande ule. Paa lilifunika mita 5,25, lakini nyumba yenye kuta za mita 5 na kivuli cha sentimita 40 kila upande inataka mita 5,80. Yalipungua mawili.

Kukosa manjanja mawili juu ya meza ni huzuni ya jioni moja. Kuyakosa juu ya nguzo zilizokwisha kusimama, mvua ya Septemba imeanza, ni watoto kulowa usiku kucha. Sasa mama anajua: aidha atafute mawili zaidi, aidha nyumba ipungue, aidha kivuli cha paa kibaki upande mmoja tu, ule unaopigwa na mvua. Yeye ndiye aliyechagua kutafuta mawili. Uamuzi ulikuwa wake, na aliufanya wakati bado una maana.

Lakini zile mita 24,5? Ukweli usemwe: hazikupatikana. Manjanja hayatoshi. Maketi haileti vifaa. Walichofanya ni kuondoa sebule, kuhamishia moto nje chini ya kibanda kidogo kilichoegemea ukuta, na kuacha ukuta mmoja bila dirisha wala kitu, ili siku mali ikipatikana utobolewe mlango na chumba kingine kiongezwe upande huo. Katika maketi ya tano ukuta huo ulichorwa alama ya kalamu. Nyumba ya maskini haijengwi kwa siku moja, basi ni haki ibuniwe tangu mwanzo kama nyumba inayokua.

Kartoni si aibu

Kuna wanafunzi wanaoona haya kufanya kazi kwa kartoni ya sabuni kwa sababu wanaona katika simu zao maketi za nchi nyingine, zilizokatwa kwa mashine na kung'aa. Wakumbuke kwamba Mkongomani ameshaonyesha dunia kile ambacho kartoni inaweza. Bodys Isek Kingelez, aliyefanya kazi Kinshasa hadi alipofariki mwaka 2015, alitengeneza miji mizima kwa karatasi, kartoni na vitu vya kufungia bidhaa. Mwaka 2018 jumba la makumbusho la MoMA la New York lilimfanyia maonyesho yake makubwa. Hakungoja vifaa kutoka Ulaya.

Ila miji ya Kingelez ilikuwa ndoto, na ndoto ina ruhusa ya kutokuwa na jiko. Nyumba ya familia iliyohama haina ruhusa hiyo. Mwanafunzi achukue kwa Kingelez uhodari wa mkono, lakini swali alichukue kwa mama wa chumba cha nyuma.

Na karibu zaidi na hapa, ng'ambo ya mpaka, mwaka 1999 katika kambi ya wakimbizi ya Byumba nchini Rwanda, msanifu Mjapani Shigeru Ban alisimamisha na kujaribu vibanda 50 ambavyo nguzo zake zilikuwa mabomba ya karatasi ngumu. Sababu ilikuwa ya maisha. Wakimbizi walikuwa wanakata miti ili kushikilia mashitingi. Walipopewa mabomba ya alumini, waliyauza na kurudi kukata miti. Aliyeleta alumini hakuwa mjinga, ila hakuwa ameuliza mtu mwenye njaa hufanya nini akipewa chuma chenye bei sokoni.

Huko Burkina Faso, Francis Kéré, Mwafrika wa kwanza kupata tuzo ya Pritzker mwaka 2022, alianza kwa kujenga shule katika kijiji chake cha Gando. Wazee wengi hawakujua kusoma mchoro. Akauchora mchangani, wakausoma kwa miguu. Mchanga wa Gando na kartoni ya Goma vinafanya kazi moja: vinampa mtu asiyesoma mchoro nafasi ya kusema hapana.

Wanaopinga

Kuna watakaosema: vita havingoji maketi. Familia ikilala nje, apewe shitingi leo, mazungumzo yafuate. Ni kweli, na hakuna anayebisha kwa usiku wa kwanza. Lakini shitingi ya usiku wa kwanza imekuwa nyumba ya miaka kwa familia nyingi. Na mpango wa kujenga nyumba mia moja zinazofanana hauwezi kukosa jioni moja ya kukaa na watu kumi kuzunguka kinyumba cha kartoni. Kosa moja katika mfano linarudiwa mara mia katika kijiji.

Wengine watasema kompyuta inafanya vizuri zaidi. Inafanya, pale ambapo kuna umeme na pale ambapo aliyeshika panya ndiye atakayeishi ndani. Picha ya kompyuta inamfanya mama kuwa mtazamaji. Maketi inampa wembe mkononi. Vijana wajifunze kompyuta, ni lazima. Lakini wasiitumie kama ukuta kati yao na watu.

Pingamizi la tatu ni la mafundi, na ni la haki zaidi. Fundi mzee atasema kartoni inadanganya kuhusu nguvu. Ana haki. Kinyumba cha kartoni kinaweza kusimama bila nguzo moja ya kati na kubeba kitabu juu yake, lakini nyumba halisi ikijengwa hivyo paa lake litalegea, au upepo utaling'oa. Vitu vidogo ni vigumu kuliko vikubwa vya umbo lile lile. Maketi inapima nafasi, maji, mwanga na hesabu ya vifaa. Nguvu ya boriti na urefu wa misumari anaulizwa fundi aliyejenga na kuona nyumba zake zikisimama miaka kumi. Binti alijifunza hilo pia: alipompelekea fundi wa mtaa maketi ya nne, fundi aliitikisa kwa kidole kimoja, akauliza vishikizo vya pembeni viko wapi. Havikuwepo. Maketi ya tano inavyo.

Kinachotakiwa sasa

Kwa walimu wa usanifu na ujenzi: msitoe alama kwa usafi peke yake. Mwanafunzi aleta maketi ya mwisho pamoja na zile mbaya zilizotangulia, na aeleze kila moja ilimfundisha kosa gani na nani alilionyesha. Anayeleta moja tu inayong'aa huenda hajamuuliza mtu yeyote.

Kwa mashirika na viongozi wanaopanga kujenga: kabla ya mti wa kwanza kukatwa, leteni mfano mezani, mkubwa wa kutosha mkono kuingia, paa lifunguke. Waiteni akina mama, wazee, na wasioweza kutembea. Wapeni wembe. Kama baada ya kikao maketi imebaki safi kama ilivyokuja, basi kikao hakikufanyika.

Kwa familia zinazorudi na zinazongoja kurudi: mna haki ya kuuliza, hata kama nyumba ni ya msaada. Maswali ni machache na hayahitaji shule. Moto nitawasha wapi? Tukilala wote, mlango utafunguka? Maji ya mvua yataangukia wapi? Nani ataweza kutuona usiku? Nikipata mali kidogo, nitaongeza chumba upande gani? Asiyeweza kujibu matano hayo hajawa tayari kujenga. Na kama hakuna injenia, watoto wenu wenyewe wanaweza kukata kartoni. Rula, wembe, sentimita 5 kwa kila mita 1, na mtu mmoja wa karatasi mwenye sentimita 8: hayo yanatosha kuanza.

Maketi ya tano haikushinda kwa uzuri. Ina madoa ya maji, kona moja imekatwa mara tatu, na kwenye ukuta mmoja kuna alama za masizi kwa sababu mama aliishika akitoka jikoni. Paa lake limeezekwa karatasi 16: 14 zimeandikwa kwa kalamu ya bluu, mbili kwa nyekundu, ambazo bado zinatafutwa. Binti aliipeleka darasani hivyohivyo. Jioni aliirudisha, si kwenye meza ya wazazi wake bali katika chumba cha nyuma, ambako koko aliomba ionyeshwe kitanda chake kitakuwa wapi.